Kukoroma, Kusinzia na Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kukatika kwa Pumzi Usingizini

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kiwanda, upande wa Barabara ya Nyerere. Maswali haya nimeulizwa na wafanyakazi waliokuja kupima presha, na wake na waume zao, na wasimamizi wanaotaka kujua wamfanye nini mtu anayesinzia kwenye mashine. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo watu hukwama zaidi. Ukiwa na haraka, soma kwanza yale ya madereva na ya mwajiri.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu inalegea mpaka njia ya hewa inajifunga: ulimi unarudi nyuma, nyama laini za koo zinagusana, hewa haipiti. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, mtu anapaliwa au anakoroma kwa kishindo, anapata pumzi, anarudi usingizini. Asubuhi hana habari.

Pumzi ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 ni wa kati, 30 na kuendelea ni mkali. Mwenye matukio 30 kwa saa anashtuliwa kila baada ya dakika 2 usiku kucha, kisha anaamka saa kumi alfajiri kwenda kugombania daladala. Madaktari huuita apnea ya usingizi. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa karibu watu bilioni 1 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wanao, na wengi wao hawajapimwa.

Sista, kila mtu Dar anasinzia. Nitajuaje kama ni ugonjwa au ni umbali wa Chanika tu?

Swali zuri, na si jepesi. Mtu anayetoka Chanika au Mbagala Rangi Tatu, anayeingia kazini saa moja asubuhi na kurudi nyumbani saa tatu usiku, analala kwa muda wa saa tano kama ana bahati. Huyo atasinzia hata koo lake likiwa zima kabisa. Kwa hiyo ninaanza na kipimo cha bure: siku za mapumziko. Ukilala kwa muda wa saa saba au nane siku kadhaa mfululizo, mathalani ukiwa likizo kijijini, ukaamka mwepesi, basi tatizo lako kubwa ni saa chache za kulala. Ukilala saa nane zote na bado unaamka na kichwa kizito, mdomo mkavu, umechoka kuliko ulivyolala, hapo nenda ukapimwe.

Kuna dodoso fupi linalotumika duniani kote, lililotungwa Australia na daktari Murray Johns mwaka 1991, linaitwa kipimo cha Epworth. Linakuuliza kuhusu hali 8: kusoma, kutazama televisheni, kukaa kwenye mkutano, kuwa abiria kwa saa nzima, na nyinginezo. Kila hali unaipa alama 0 hadi 3 kulingana na uwezekano wa kusinzia. Jumla ni 24, na ukipita 10 unahitaji kuangaliwa. Kwa maoni yangu alama ya abiria haitusaidii sana hapa kwetu, maana kwenye daladala ya asubuhi nusu ya gari imelala. Ninayoitazama kwa makini ni mbili: kusinzia ukiwa umekaa unaongea na mtu, na kusinzia ndani ya gari lililosimama kwenye foleni kwa dakika chache. Mtu akisema hizo zinamtokea, simwachi aondoke bila barua ya rufaa.

Dalili nyingine ni hizi: kukoroma kunakosikika chumba cha pili, mwenzako kushuhudia pumzi ikikatika, kuamka kwenda haja ndogo mara kadhaa usiku, kuumwa kichwa asubuhi, na presha isiyoshuka hata kwa dawa tatu. Hiyo ya mwisho hupuuzwa mno.

Si ugonjwa wa wanaume wanene?

Unene, hasa shingo nene, huongeza hatari. Lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo lililorudi nyuma, au tonsili kubwa, naye anaweza kuwa nao. Na wanawake wanaupata, hasa baada ya kukoma hedhi. Shida yao ni kwamba mara nyingi hawaji wakilalamikia kukoroma. Wanakuja na uchovu, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, huzuni. Mama mmoja mshonaji alitibiwa malaria mara nyingi kiasi kwamba majirani walianza kumshauri atafute mganga. Hakuna aliyekuwa amemuuliza analalaje. Mama anayekoroma huficha, kwa sababu kwetu kukoroma kwa mwanamke huonekana aibu. Naomba tuache kuwacheka.

Unaharibu kazi kwa njia gani, mbali na kusinzia?

Kusinzia ndiko kunakoonekana, ndiyo maana watu huishia hapo. Yanayomchosha mfanyakazi zaidi ni yale yasiyoonekana. Kumbukumbu ya muda mfupi hupungua: keshia anahesabu droo mara tatu na kila mara anapata jumla tofauti. Umakini hukatika kwa sekunde chache huku macho yako wazi. Mkono huchelewa kuitikia, na kwenye mashine ya kukata mabati au kwenye foklifti kuchelewa kidogo tu ni ajali. Kisha kuna hasira. Mtu aliyekuwa mcheshi anaanza kugombana na wenzake kwa jambo dogo, anakwepa mikutano, anaacha kujitolea kwa kazi mpya kwa kuwa anajua hataimudu.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikusanya tafiti nyingi na kuona kuwa wafanyakazi wenye ugonjwa huu wako kwenye hatari ya ajali kazini karibu mara mbili ya wenzao. Na huko Marekani, treni ya abiria iliacha njia mjini New York tarehe 1 Desemba 2013, watu 4 wakafa. Wachunguzi walikuta dereva alikuwa na apnea kali ambayo haikuwahi kugunduliwa. Mwaka 2016 yakatokea mengine kama hayo kituo cha Hoboken, New Jersey, mtu mmoja akafa.

Kuna na hasara ya kimya. Mfanyakazi mwenye uwezo anaandikiwa onyo la kwanza kwa kuchelewa, la pili kwa kukutwa amelala, la tatu anaondoka. Faili lake linasema mvivu. Nimeona mafaili ya namna hiyo, na hakuna hata moja lililokuwa na karatasi ya daktari ndani. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ni ugonjwa wenye tiba.

Matibabu yanasaidia kweli kazini? Kuna ushahidi?

Upo. Tiba kuu ni mashine ya CPAP: kifaa kidogo kando ya kitanda kinachosukuma hewa kwa mgandamizo kupitia bomba na barakoa, ili hewa hiyo ishikilie koo lisijifunge. Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney waliijaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1980 na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa shingo ili apumulie hapo.

Utafiti mmoja mkubwa, uitwao SAVE, ulichapishwa mwaka 2016. Ulihusisha watu 2,717 wenye umri wa miaka 45 hadi 75, katika nchi 7, wote wakiwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya damu. Watafiti walitaka kujua kama mashine inazuia shambulio la moyo na kiharusi. Kwa hilo, haikuonyesha tofauti. Lakini waliotumia mashine walipungua kusinzia mchana, hisia zao na maisha yao yakawa mazuri zaidi, na siku walizokosa kazi kwa sababu ya afya zikapungua. Ninapenda kuutaja utafiti huu kwa sababu hauahidi makubwa. Tena washiriki walivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, pungufu ya nusu ya usiku, na bado nafuu kazini ilionekana.

Ushahidi wa pili ni wa madereva wa malori wa kampuni moja kubwa ya Marekani, nao ulichapishwa mwaka 2016. Madereva waliogundulika kuwa na apnea wakakataa kabisa kutumia tiba walipata ajali mbaya zinazozuilika mara 5 ya wenzao wasio na ugonjwa. Waliotumia tiba hawakuwa na tofauti na wenzao. Soma tena sentensi hiyo ukiwa mmiliki wa magari.

Nitaanza kuona nafuu lini?

Wengine asubuhi ya kwanza. Fundi mmoja wa umeme aliniambia aliamka akadhani amechelewa kazi, kwa jinsi alivyojisikia amelala muda mrefu. Kumbe ilikuwa bado giza. Wengi huchukua wiki kadhaa. Kusinzia huondoka kwanza, kumbukumbu na utulivu wa moyo hufuata polepole. Usipime kwa usiku mmoja, na usiache mashine kwa kuwa umepata nafuu: tatizo linarudi usiku uleule usipoivaa.

Nianzie wapi hapa Dar?

Anza na daktari wa kawaida kwenye kituo chako, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu: Amana, Temeke au Mwananyamala. Mweleze neno kwa neno kwamba unakoroma, pumzi inakatika na unasinzia kazini. Usiseme "nachoka" tu, utapewa vitamini. Kama una mwenza, mwombe akurekodi kwa simu ukiwa umelala, dakika mbili tatu zenye ule ukimya na kushtuka kunakofuata. Video hiyo humshawishi daktari haraka kuliko maneno. Omba rufaa kwa daktari wa pua, koo na masikio, au wa kifua, Muhimbili au hospitali nyingine kubwa. Kama una presha sugu au mapigo ya moyo yasiyo sawa, huenda ukapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na huko nako taja habari ya usingizi.

Kabla ya kwenda popote piga simu uulize maswali haya: mnapima usingizi? Kipimo kinafanyika hospitalini au nyumbani? Nani anasoma majibu? Mnatoa mashine au mnaandika tu?

Kipimo kikoje? Kinauma?

Hakiumi. Cha nyumbani kina kibano cha kidole kinachosoma oksijeni, kamba ndogo puani ya kupima hewa na mkanda kifuani. Unalala navyo usiku mmoja na kuvirudisha. Cha hospitali huongezewa waya kichwani zinazosoma usingizi wa ubongo. Zinaudhi kidogo, basi.

Gharama je? Bima inalipa?

Mashine mpya inaweza kufika milioni na kuendelea, na barakoa na vichujio hubadilishwa. Kama uko NHIF au bima ya kampuni, uliza kwa maandishi kabla ya kupimwa: kipimo kimo? Mashine imo? Majibu ya mdomo kaunta yana tabia ya kubadilika siku ya kulipa. Ukiambiwa mashine haimo, mpelekee mwajiri hoja. Kampuni inayonunua viatu vya usalama na helmeti haiwezi kushangaa kuombwa ichangie kifaa kinachomfanya mwendesha mashine awe macho. Nimeona SACCOS ya wafanyakazi ikimkopesha mwanachama kwa ajili hii, naye akarejesha kwa makato ya mshahara.

Kuna mashine za mtumba mtandaoni, rahisi. Ninunue?

Kwa tahadhari kubwa. Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita mamilioni ya mashine zake zirudi, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa inameguka na mtumiaji angeweza kuvuta chembechembe zake. Mashine za zamani husafiri kuja kwetu. Angalia jina, toleo na namba iliyo chini ya mashine, uikague kwenye orodha ya kampuni kabla ya kutoa hela. Barakoa na bomba nunua vipya daima. Na mgandamizo lazima upangwe kulingana na kipimo chako wewe, usivae mpangilio wa mtu mwingine.

Umeme ukikatika? Na joto la Dar? Na chandarua?

Umeme ukikatika, vua barakoa. Zenyewe zina matundu na huwezi kukosa hewa ghafla, lakini hakuna faida ya kubaki nayo. Mwenye uwezo huweka betri ya sola na inveta. Ukizima kipasha maji cha mashine, yaani kitanki kinachopasha maji ili hewa iwe na unyevu, umeme unaotumika hupungua sana na betri hudumu. Luku iangalie kabla ya kulala.

Kipasha maji chenyewe, kwa unyevu wa hewa yetu, wengi hawakihitaji. Ukikitumia, weka maji yaliyotoneshwa ya dukani au famasi. Usiweke kamwe maji ya betri ya gereji, maana mengine yana asidi. Yakikosekana kabisa, maji yaliyochemshwa na kupoa kwa usiku mmoja mmoja, ukijua yataacha chumvi kwenye kitanki. Mwaga yaliyobaki kila asubuhi.

Chandarua: pitisha bomba chini ya ukingo wake, upande wa kichwani, kisha chomeka ukingo huo chini ya godoro bomba likiwa ndani. Usilipitishe juu, litainua wavu na mbu watapata mlango. Mashine iwe nje, juu ya stuli, mbali na vumbi la sakafuni. Vichujio vioshwe au vibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, hasa ukiishi kando ya barabara ya vumbi.

Sivumilii barakoa. Nahisi nakabwa.

Karibu wote huanza hivyo. Ivae mchana kwanza, ukiwa macho, unatazama taarifa ya habari, bila kulala. Siku ya kwanza dakika kumi, kisha ongeza. Kama hewa inavuja machoni au unaamka na mistari mikali shavuni, barakoa si saizi yako au umeikaza kupita kiasi. Watu huikaza zaidi inapovuja, na ndivyo inavyozidi kuvuja. Legeza mikanda yote, lala chini, kisha kaza taratibu hewa ikiwa inapita. Kama pua imeziba, itibiwe kwanza. Lengo la chini linalotumiwa na bima nyingi za Marekani ni saa 4 kwa usiku, usiku 7 kati ya 10. Mimi naomba zaidi: usiku wote, pamoja na kile kipande cha alfajiri ambapo watu huivua, kwa sababu ndoto nyingi huwa saa hizo na koo hulegea zaidi.

Hakuna njia nyingine?

Zipo. Kwa ugonjwa mdogo au wa kati, kuna kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno kusogeza taya mbele. Tonsili kubwa zinaweza kutolewa. Wanaokatika pumzi wakilala chali tu hufaidika kwa kulala ubavu. Kupunguza asilimia 10 ya uzito kulihusishwa, katika utafiti wa Wisconsin wa mwaka 2000, na kupungua kwa matukio kwa takriban asilimia 26. Ni nafuu kubwa, ila mwenye ugonjwa mkali bado atahitaji mashine. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wanene wenye apnea ya kati au kali. Usinunue sindano hiyo kwa mtu wa Instagram.

Bia za jioni na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi. Hizo ziache leo.

Mimi ni dereva. Nikisema nina ugonjwa huu, si nitapoteza kazi?

Najua hofu hiyo, ndiyo inayowafanya madereva wengi wanyamaze. Nitasema ninavyoamini: kama unasinzia kwenye usukani, acha kuendesha leo, kabla ya kipimo, kabla ya barua yoyote. Uingereza dereva mwenye apnea inayomsinzisha analazimika kuacha kuendesha mpaka ugonjwa udhibitiwe. Ukishadhibitiwa, anarudi kazini. Lengo la matibabu ni hilo la pili.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kuna wenzetu wanaotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis jioni na kuamkia Mwanza. Dereva wa pili akiwa na apnea, usingizi wake kwenye kitanda cha basi haumpumzishi, anakabidhiwa usukani akiwa amechoka vilevile. Wamiliki wanahesabu saa za kupumzika, wapime na ubora wake. Kufungua dirisha, kutafuna mirungi au kunywa vinywaji vya nguvu hakufungui koo. Vinaahirisha tu dakika utakayosinzia, na mirungi ni kosa la jinai juu yake.

Kwa bodaboda ni hatari zaidi, na hana mwajiri wa kumpa likizo. Kama wewe ni wa bodaboda au bajaji, anza kwa kulala ubavu, acha pombe, usiendeshe baada ya saa sita usiku, na nenda hospitali ya wilaya ukaanze safari ya kupimwa. Abiria uliyempakia ana watoto nyumbani.

Nimwambie mwajiri? Sheria inanilinda vipi?

Hulazimiki kumweleza kila mtu, lakini kama kazi yako inaweza kudhuru wengine, ofisi ya rasilimali watu ijue, kwa barua ya daktari. Barua iseme mambo matatu: una ugonjwa unaotibika, umeanza matibabu, na unahitaji nini kwa muda gani. Mfano, kuondolewa kwenye foklifti kwa wiki sita na kupangiwa ghala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Ni nadra mtu wa apnea kuhitaji siku zote hizo, lakini za kipimo na za kuzoea mashine zichukue kihalali badala ya kudanganya una msiba. Mwajiri akitaka kukuachisha kwa kushindwa kazi kwa sababu ya ugonjwa, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka kwanza aangalie ukubwa wa tatizo na kazi mbadala. Ukiachishwa isivyo haki, unapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huisha upesi, usizitumie kusubiri bosi abadilishe moyo.

Mimi ni msimamizi. Mtu wangu analala kazini, nifanye nini?

Kabla ya barua ya onyo, muulize kwa faragha: unalalaje? Mwite kwa heshima, mzee ni mzee hata akiwa chini yako kicheo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka upime afya za wafanyakazi. Unapopanga zoezi hilo na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, omba maswali ya usingizi na kipimo cha shingo viongezwe kwa madereva, waendesha kreni na walinzi. Ni tepu ya fundi cherehani na karatasi moja.

Usimpeleke mtu kupimwa kisha utumie majibu kumfukuza. Ukifanya hivyo mara moja, hakuna mwingine atakayekuambia ukweli, na utabaki na waendesha kreni wanaoficha.

Nafanya zamu ya usiku. Mashine naivaa lini?

Kila unapolala, hata saa nne asubuhi. Mlinzi wa zamu ya saa 12 akilala mchana bila mashine ni sawa na hajaanza tiba. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito, waombe wa nyumbani wapunguze redio, na kama inawezekana omba zamu zisizobadilika kila wiki.

Ramadhani je?

Usiku hakuna shida, vaa kama kawaida. Gawa usingizi: baada ya tarawehe mpaka daku, kisha tena baada ya alfajiri, na mashine kila kipande. Kama unalala mchana ukiwa umefunga na una wasiwasi na mvuke wa maji, zima kipasha maji na umuulize sheikh wako. Usiache tiba mwezi mzima.

Mume wangu anakataa kwenda hospitali. Anasema kukoroma ni dalili ya usingizi mzuri.

Mwonyeshe video, usibishane. Wengi wakijiona kifua kinapanda na kushuka bila sauti kwa muda mrefu, hunyamaza. Akikataa bado, tafuta mtu anayemsikiliza: kaka yake, shemeji, sheikh au mchungaji, mfanyakazi mwenzake anayetumia mashine. Na wewe upate mahali pa kulala siku nyingine, maana nawe una kazi kesho.

Natumia mashine kila usiku na bado nasinzia. Nimeshindwa?

Hapana. Kwanza hesabu saa: mashine haiongezi saa za kulala, na mtu wa saa tano atabaki mtu wa saa tano. Pili, mashine nyingi huhifadhi kumbukumbu za kila usiku: saa ulizovaa, hewa iliyovuja, matukio yaliyobaki. Ichukue mashine yenyewe, au kadi yake ndogo, uende nayo kwa daktari. Matukio yakiwa bado mengi, mgandamizo ubadilishwe. Yakiwa machache na saa zinatosha, atafute sababu nyingine: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari, sonona, au dawa unazotumia kwa jambo jingine. Peleka orodha ya dawa zako zote, pamoja na za asili, na jina la kila moja liandikwe kama lilivyo kwenye pakiti.